Saa arobaini za kutu

*Vifuko vya joto vinavyowekwa katika masanduku ya samaki, mijusi na mimea wakati wa majira ya baridi huuzwa kwa idadi ya saa. Saa hizo zinahesabiwa vipi, na zinatosha nini?*

Sanduku la povu gumu lililopakiwa jioni ya Januari katika mji wa kaskazini mwa Marekani, likiwa na lita 4 za maji na samaki wachache wa asili ya Ziwa Tanganyika, huwa na nyuzi 25 za Selsiasi ndani huku nje kukiwa na nyuzi 5, au sifuri, au chini ya sifuri. Tangu mfuniko unapobandikwa utepe, joto la ndani huanza kuvuja kupitia pande zote sita.

Mtumaji huwa na kati ya saa 20 na 48 kabla ya mpokeaji kulifungua sanduku hilo. Katika muda huo litapita katika gari la ukusanyaji, ghala, mkanda wa kupangia vifurushi, tumbo la ndege, ghala jingine na gari la usambazaji, na katika hatua zote hizo hakuna mtu atakayelikagua wala kuongeza chochote ndani yake.

Kinga inayotegemewa na wengi ni kifuko kidogo cha kitambaa chenye unga mweusi, ambacho hupata moto chenyewe kikitolewa katika karatasi yake ya nailoni. Madukani vifuko hivyo hupangwa kwa muda wa kufanya kazi, yaani saa 40, 60, 72 au 96, na mnunuzi asiye na uzoefu hudhani kwamba chenye saa nyingi ndicho bora. Dhana hiyo ndiyo inayoua samaki wengi, ingawa lawama kwa kawaida huangukia baridi.

Kutu kama jiko

Ndani ya kifuko hicho mna unga wa chuma, maji kidogo, chumvi, mkaa ulioandaliwa kuwa na vinyweleo vingi, na vemikulaiti, ambayo ni madini mepesi yenye uwezo wa kushika unyevu. Hewa inapopenya kitambaa, chuma huungana na oksijeni na kuwa kutu, na muungano huo hutoa joto. Chumvi na maji huharakisha jambo ambalo kwenye bati la paa lingechukua miaka, mkaa husaidia kuleta hewa na maji karibu na chuma, na vemikulaiti huzuia unga usikauke mapema.

Kanuni hiyo iliingia sokoni kwa wingi kutoka Japani, ambako Niichi Matoba alikuwa ametengeneza mwaka 1923 kipasha mikono kilichounguza mvuke wa petroli polepole juu ya platini, na ambako kampuni ya Lotte ilianza kuuza mwaka 1978 vifuko vya unga wa chuma kwa jina la Hokaron. Vifuko vya kusafirishia mizigo ni ndugu wa vile vya mikono, ila vimepunguziwa kasi.

Tofauti hiyo ya kasi ndiyo kiini cha uchaguzi. Gramu moja ya chuma ikigeuka kutu yote hutoa takriban kilojuli 7.4 za joto, na kiasi hicho hakibadiliki, kiwe kimetoka kwa saa 8 au kwa saa 80. Mtengenezaji anachoweza kubadilisha ni wingi wa chuma na ukubwa wa vinyweleo vya kitambaa, ambavyo huamua hewa iingie kwa kasi gani.

Kifuko chenye gramu 50 za chuma, kwa mfano, kina akiba ya kilojuli 370 hivi. Kikitoa akiba hiyo kwa saa 40, nguvu yake ya wastani ni kama wati 2.6, kikiitoa kwa saa 72, nguvu hushuka hadi wati 1.4.

> Kwa chuma kilekile, kifuko cha saa 72 hutoa karibu nusu tu ya joto ambalo kile cha saa 40 hutoa kila saa.

Kifuko cha mikononi nacho, ambacho wasafirishaji wapya hukikimbilia kwa kuwa kinapatikana katika kila duka la dawa la nchi za baridi, hutumia chuma chake kwa saa 7 hadi 10 na kinaweza kupanda hadi zaidi ya nyuzi 60. Katika sanduku la usafiri kasoro hiyo ni maradufu, kwa sababu kifuko hicho humchoma mnyama jioni, akiwa bado na joto la nyumbani, na huwa kimezimika alfajiri ambapo gari la usambazaji linasubiri nje ya ghala.

Lebo husema saa, haisemi sanduku

Halijoto inayoandikwa kwenye kifuko, ambayo mara nyingi ni nyuzi 40 na ushei, hupimwa kwenye kifuko chenyewe katika mazingira maalumu ya majaribio. Haielezi hewa ya ndani ya sanduku itakuwa na nyuzi ngapi, jambo ambalo hutegemea zaidi kuta za sanduku kuliko kifuko.

Sanduku lenye urefu wa sentimita 30, upana wa 20 na kimo cha 20, lililojengwa kwa povu gumu la sentimita 2, hupoteza kidogo zaidi ya nusu wati kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Hivyo basi kifuko cha wati 2.6 kinaweza kushikilia tofauti ya nyuzi 4 na nusu hivi, na kile cha wati 1.4 hakifikishi hata nyuzi 3. Nje kukiwa sifuri, ukokotozi huo hauachi nafasi ya samaki wa kitropiki kusafiri siku mbili kwa starehe.

Kinachookoa safari nyingi ni kwamba baridi ya nje haidumu muda wote, kwani maghala na magari mengi huwa na vuguvugu, na kwamba mzigo wenyewe una akiba yake. Lita 4 za maji zikipoa kutoka nyuzi 25 hadi 20 hutoa kilojuli 84, sawa na kazi ya kifuko cha saa 40 kwa muda wa saa 9, na kwa sababu hiyo mfuko wenye maji mengi hustahimili kuliko kikopo cha mjusi ambamo hamna kitu cha kushika joto isipokuwa karatasi na mwili wa mjusi mwenyewe.

Ukokotozi huohuo, ukiendelezwa kwa sanduku lililotajwa likiwa mahali penye nyuzi 5, hutoa matokeo ambayo wauzaji wa vifuko hawayatangazi. Baada ya saa 8, maji yasiyo na kifuko katika povu la sentimita 2 yatakuwa yameshuka hadi karibu nyuzi 13, na yenye kifuko cha saa 40 yatakuwa kwenye 15 au 16. Povu likiongezwa unene hadi sentimita 4 bila kifuko chochote, maji yatabaki kwenye nyuzi 17.

> Hadi kufikia takriban saa 20 za safari, povu nene lisilo na kifuko hulishinda povu jembamba lenye kifuko.

Baada ya hapo kifuko huanza kuonyesha thamani yake, na vyote viwili vikiwekwa pamoja, yaani ukuta wa sentimita 4 na kifuko, maji hubaki karibu na nyuzi 21 katika saa 8 hizo za kwanza. Ukokotozi wa namna hii hurahisisha mambo, kwa kuwa unachukulia kifuko kimefikia nguvu yake tangu mwanzo, ilhali kwa kweli vifuko vya saa nyingi hupanda taratibu na huhitaji kufunguliwa mapema kabla ya kufungwa sandukuni. Lakini mpangilio wa umuhimu haubadiliki. Fedha ya kwanza yafaa iende kwenye ukuta.

Hewa ya nani?

Jiko la kutu haliwaki bila hewa. Gramu 50 za chuma huhitaji lita 16 hivi za oksijeni ili ziishe, na kwa kuwa oksijeni ni sehemu ya tano tu ya hewa, hizo ni lita zinazokaribia 80 za hewa ya kawaida. Sanduku lililotajwa lina ujazo wa lita 12 tu.

Mtumaji anayeziba kila mshono kwa utepe akidhani anafungia joto, kwa hakika anakifungia kifuko pumzi. Oksijeni yote iliyomo katika lita 12 ingetosha kazi ya saa 6 hivi, na kifuko huanza kudhoofika kabla ya hapo. Ndiyo maana wasafirishaji wazoefu hutoboa matundu machache madogo karibu na mahali palipo na kifuko, hubandika kifuko chini ya mfuniko kwa namna isiyofunika upande wenye vinyweleo, na huweka karatasi kati yake na mzigo.

Katika suala hili mizigo hugawanyika waziwazi. Samaki aliyefungwa katika mfuko mzito wa nailoni, ambao theluthi yake ni maji na sehemu iliyobaki ni oksijeni safi, ana hewa yake mwenyewe na hagombani na kifuko. Kinyonga, chura au mjusi aliye katika kikopo chenye matundu huvuta hewa ileile ambayo chuma kinaila, na kwake tundu la sanduku ni suala la uhai.

Kuna pia mifuko ya utando maalumu unaopitisha gesi, ambayo hujazwa maji bila oksijeni ya ziada kwa matarajio kwamba samaki atapumua kupitia ukuta wa mfuko. Mifuko hiyo husifiwa, na kwa haki, kwa safari ndefu za majira ya joto. Lakini ikiwekwa na kifuko cha joto katika sanduku lililozibwa, samaki hurudi katika mgogoro uleule wa kinyonga, na mtumaji hupata taabu kuelewa kwa nini samaki waliofika wakiwa na vuguvugu la kutosha walifika wamekufa.

Kutoka Kigoma na Usambara

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaweza kudhani kwamba haya ni mambo ya watu wa theluji. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mizigo inayolindwa kwa vifuko hivi ina nasaba ya huku.

Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake ya juu huwa kati ya nyuzi 24 na 28 mwaka mzima, lina spishi zaidi ya 200 za samaki wa ukoo wa sato na perege, karibu zote zikiwa hazipatikani kwingineko duniani. Biashara ya kuwasafirisha kwa ajili ya mapambo ilishika kasi miaka ya 1970, msafirishaji wa samaki Pierre Brichard akiwa Bujumbura, na vizazi vya samaki hao vilivyozalishwa katika matangi ya Ulaya na Marekani sasa husafiri kutoka mji hadi mji kwa vifurushi vya kawaida.

Samaki hao hawajui majira ya baridi, lakini pia hawahitaji nyuzi 28 safarini. Maji yaliyopoa kiasi, kama nyuzi 21 au 22, hupunguza kasi ya mwili, na hivyo samaki hutumia oksijeni kidogo na hutoa amonia kidogo, ile taka yenye sumu inayorundikana katika mfuko uliofungwa. Kwa sababu hiyo pia huachishwa chakula siku moja au mbili kabla ya safari, na mtumaji anayejaza vifuko vitatu kwa huruma huweza kuharakisha sumu ileile aliyotaka kuiepusha.

Ua linaloitwa na Wazungu urujuani wa Afrika lina habari inayofanana na hiyo. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa kikoloni wa Kijerumani, alituma sampuli zake Ujerumani mwaka 1892 kutoka Usambara, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia. Leo liko katika madirisha ya nyumba nyingi za Ulaya na Amerika Kaskazini, na wapenzi wake hubadilishana majani na miche kwa posta hata katikati ya baridi.

Mmea huo wa misitu yenye kivuli huanza kudhurika halijoto inapokaa chini ya nyuzi 10 hivi, hata kama haijafika kwenye kuganda: majani hulegea na kuwa kama yaliyochemshwa. Kwa mmea hewa si tatizo kubwa, ila kifuko kilichogusana na jani hulikausha na kulibabua, na doa la babuko na doa la baridi hufanana kiasi kwamba mpokeaji na mtumaji huweza kubishana bila mwisho.

Kutuma au kusubiri

Kuhusu kama mizigo hii isafirishwe kabisa wakati wa baridi, wahusika hawakubaliani. Wauzaji wanaotegemea mapato ya mwaka mzima husema kwamba sanduku zuri, kifuko sahihi na safari ya usiku mmoja vinatosha, na wengi wao hutoa dhamana ya kufika hai, kwa masharti kama vile mpokeaji kulichukua sanduku kwenye kituo chenye joto badala ya kuachiwa mlangoni.

Wafugaji wa upande wa pili, hasa wale wasioishi kwa biashara hiyo, huweka kikomo. Utabiri ukionyesha kwamba usiku utashuka chini ya kiwango fulani, mahali pa kutuma, pa kupitia au pa kupokea, hawatumi, na wengine hufunga kabisa hadi machipuko. Hoja yao ni kwamba kifuko hakina kidhibiti: hakijui kama sanduku liko kwenye barafu au limesahauliwa karibu na kipasha joto cha ghala, na huendelea kuwaka vilevile.

Sehemu ya "kupitia" husahaulika kwa urahisi. Kifurushi cha usiku mmoja nchini Marekani mara nyingi hupitia Memphis, kilipo kitovu cha FedEx, au Louisville, kilipo kile cha UPS, hata kama mtumaji na mpokeaji wote wako kusini kwenye vuguvugu. Dhoruba za Februari 2021 na Desemba 2022 zilipovuruga safari za ndege katika eneo hilo, vifurushi vya usiku mmoja vilikaa siku kadhaa, na hakuna kifuko cha saa 40 kinachoweza kujadiliana na hali kama hiyo.

> Kuchagua kifuko cha saa 72 kwa safari ya saa 24 ni kununua bima ya kuchelewa kwa gharama ya joto la usiku wa kwanza.

Hoja hiyo ya bima ina uzito, na kwa maoni ya mwandishi ndiyo sababu pekee ya maana ya kuchagua kifuko cha saa nyingi. Jibu lake linalofaa zaidi ni vifuko viwili vya muda mrefu katika sanduku nene lenye matundu, wala si kimoja katika sanduku jembamba.

Wachukuzi nao husimama pembeni. Posta ya Marekani, ambayo imekuwa ikibeba vifaranga wa siku moja tangu mwaka 1918, hupokea samaki, vyura na mijusi wadogo wasio na madhara, hukataa nyoka na kasa, na haidai kupasha joto chochote. Vifaranga hao ni mfano mzuri wa jiko lisilonunuliwa: hupakiwa wengi pamoja wapashane joto, wakiishi kwa mabaki ya kiini cha yai, na sharti ni wafikishwe ndani ya saa 72 tangu kuanguliwa.

Chanjo hazipashwi kwa kutu

Katika usafirishaji wa dawa, kifuko cha chuma hakiaminiwi. Chanjo nyingi na insulini huharibika zikiganda, lakini pia huharibika zikipashwa kupita kiasi, na kitu kisicho na kidhibiti hakifai kukaa karibu nazo.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maeneo yenye baridi kali umekuwa wa kawaida kwa namna ya kushangaza: mifuko ya maji yenye halijoto ya chumba, kati ya nyuzi 18 na 24, hupangwa kuzunguka chanjo zinazodhurika kwa kuganda. Maji hayo hupoa polepole, na yakifika sifuri huwa na kinga ya mwisho, kwani kilo moja ya maji hulazimika kutoa kilojuli 334 kabla haijaganda yote.

Kampuni zenye uwezo hutumia vitu vinavyoyeyuka na kuganda katika halijoto iliyochaguliwa. Heksadekeni, aina ya nta ya mafuta ambayo hubadilika hali karibu na nyuzi 18, hutoa zaidi ya kilojuli 200 kwa kilo inapoganda, na hushikilia nyuzi hizohizo hadi iishe kuganda, pasipo kuhitaji oksijeni wala kuhatarisha kuunguza. Kasoro yake ni uzito, kwani kilo nzima ya nta hiyo haifikii joto la gramu 50 za chuma, na nauli ya ndege hulipwa kwa uzito.

Wafugaji wachache wameanza kuiga mbinu hiyo kwa wanyama wa bei kubwa. Kwa mijusi wa bei ndogo hesabu haikubali, na kifuko cha kutu kitaendelea kutawala.

Kifuko kinapofika

Mpokeaji ana njia ya kujua kilichotokea njiani, kama atakikagua kifuko mara tu afunguapo sanduku. Kifuko kilichomaliza kazi huwa kigumu kama tofali dogo, kwa sababu unga wote umeshikamana na kuwa kutu. Kilichokosa hewa huwa baridi na laini, unga wake ukiwa bado unatiririka kama siku kilipotoka dukani.

Kifuko cha namna hiyo ya pili, kikiachwa mezani kwa nusu saa wakati mpokeaji anahesabu samaki waliokufa, huanza kupata moto tena, na mara nyingi hutajwa katika malalamiko kama ushahidi kwamba kilikuwa kikifanya kazi safari nzima.